Kisanduku cha Tatu

Karani Petherick ana sweta ya kijani, kiwiko kimetoboka.
Jina la marehemu?
Digory Nankervis.
Tarehe? Nikaitaja.
Kisanduku cha tatu ni chembamba kama ukucha:
alikuwa akiishi kwa kazi gani?
Kalamu ikasimama.

Nimwambie nini? Mgodi wa bati ulifungwa
nikiwa na miaka kumi na miwili.
Pampu zikazimwa, maji yakapanda
kimya kimya, ngazi baada ya ngazi,
kama deni.
Tangu hapo baba alitengeneza baiskeli za watalii,
akauza viazi kando ya barabara ya Camborne,
akafagia kanisa ambalo hakusali.
Niandike ipi?

Naomba niende nayo nyumbani, nikasema.
Chukua, akasema Petherick. Wafu hawana haraka.

Ndani ya kopo lake la chakula cha shimoni
nikakuta kamusi isiyo na jalada,
kurasa zimeshika rangi ya chai.
Baba aliacha shule akiwa na miaka kumi na minne,
lakini maneno aliyapasua kama mawe,
akayageuza mbele ya taa, atazame yamebeba nini.
Penye herufi L kuna penseli yake:
livelihood,
amelipigia mstari mara mbili
mpaka karatasi imechanika.

Pembeni ameandika:
Zamani yalikuwa maneno mawili.
Maisha. Na njia.
Njia anayopita mtu angali hai.
Kisha watu wakasahau, wakalisikia vibaya,
wakalibandika mkia usio wake,
ule unaomfanya mtoto awe utoto
na jirani awe ujirani.
Sasa linatembea na nguo ya kuazima
na kila mtu anasema limependeza.

Chini zaidi mwandiko umelala, kama wa mtu aliyechoka:
Lile neno la njia halikufa. Lilishuka shimoni.
Mshipa wa bati ndani ya jiwe
tunauita lode mpaka leo. Njia, ile ile.
Na load, mzigo, ni pacha wake.
Nani alishika njia mikono mitupu?

Nikakaa sakafuni.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Baba aliinama miaka kumi na tisa
katika joto la kulegeza mshumaa,
akaufuata mshipa ukiwa mpana kama mlango,
akaufuata ukiwa uzi,
na ulipopotea kabisa
aligonga ukuta, akatega sikio.
Waliposema basi, pandeni juu,
alipanda. Mgongo ulibaki chini.

Siku moja nilimcheka, Mungu anisamehe.
Alikuwa akipita sokoni Redruth
macho kwenye lami, kama aliyedondosha shilingi.
Nikamwambia, baba, hapo hakuna bati.
Akasema, najua, Loveday.
Naangalia inakoelekea.

Usiku ule niliandika mchimbaji. Nikafuta.
Niliandika fundi baiskeli. Nikafuta.
Niliandika njia,
nikaona jinsi Petherick atakavyoinua nyusi,
nikafuta hiyo pia.

Asubuhi nikairudisha fomu,
kisanduku cha tatu kina tundu katikati.
Petherick akaitazama, akanitazama.
Nitaandika amestaafu, akasema.
Sikubishana. Nilikuwa nimechelewa kazini.

Kwenye tanuri la Bi Hocking
tunakunja mikate ya nyama na viazi,
na kwa wenye oda tunachora herufi za jina
kwenye kona ya unga,
ili anayekula nusu na kuiweka
aijue nusu yake.
Oda zilikuwa ishirini na nne.
Nilichora ishirini na tano.

D.N.

Ilinunuliwa kabla ya saa nne.
Aliyeinunua hakuuliza ni ya nani.